Metfomini imeshusha TSH yangu: je, nipunguze dawa ya tezi?

Swali: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Morogoro. Mwaka 2017 nilifanyiwa upasuaji wa rovu, tezi ikatolewa yote, na tangu hapo nameza levothairoksini mikrogramu 100 kila asubuhi. Miezi 7 iliyopita nilikutwa na kisukari nikaanzishiwa metfomini. Sasa nameza miligramu 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Uzito umepungua kutoka kilo 71 hadi 64. TSH yangu kabla ya metfomini ilikuwa 2.1, juzi imesomeka 0.18. FT4 ni 19.4, na karatasi inasema kawaida ni 12 hadi 22. Siku ya kipimo nilikuwa nimeshameza dawa zangu zote. Daktari wa kliniki anataka kunishusha hadi mikrogramu 75. Muuzaji wa duka la dawa anasema metfomini ndiyo inayoharibu tezi, niiache. Binti yangu aliye Muscat naye anataka kuniletea semaglutidi, dawa nyingine ya kisukari, ila nimesikia inaleta saratani ya tezi. Nishike la nani? Uchovu ninao, na usiku nyayo zinawaka moto.

Jibu: Mama, metfomini usiiache. Levothairoksini nayo usiiguse kwanza, mpaka kipimo kirudiwe kwa utaratibu nitakaoueleza. Daktari wako ana haki ya kuitilia shaka 0.18, lakini namba hiyo ina njia zaidi ya moja ya kufika hapo, na kila njia ina matibabu yake.

Nianze na la muuzaji, maana ndilo jepesi. Metfomini haiwezi kuharibu tezi ambayo haipo. Yako ilitoka mwaka 2017. Hata kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima, dawa hii haiiharibu. (Kwa wasomaji wengine: tunazungumzia tezi ya thairoidi, ile ya shingoni yenye umbo la kipepeo, ambayo vitabu vingine huiita dundumio. Si tezi dume. Mwanamume akiambiwa "tezi ina shida" mawazo humkimbilia huko moja kwa moja, kwa hiyo afadhali kulitaja jina lote.) Kinachobadilika kwa metfomini ni TSH, na TSH haitengenezwi shingoni.

TSH hutoka kwenye tezi pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo. Ichukulie kama nyapara shambani. Akiona kazi inalala anapaza sauti, TSH inapanda. Akiona kazi inakwenda ananyamaza, TSH inashuka. Kwako kibarua alishaondoka na kidonge ndicho kinacholima, lakini nyapara bado yupo, na sauti yake ndiyo tunayoipima. Kwa maabara nyingi sauti ya kawaida iko kati ya 0.4 na 4.0. FT4 ndiyo kazi yenyewe: thairoksini iliyo huru kwenye damu, tayari kutumiwa na mwili.

Sasa, metfomini humfanya nyapara ateremshe sauti hata kama kazi haijaongezeka. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wachache waliokuwa wametulia vizuri kwenye levothairoksini, ambao TSH yao ilididimia baada ya kuanza metfomini bila dalili yoyote ya homoni kuzidi. Mwaka 2014 ukachapishwa Kanada uchambuzi mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, ukiwalinganisha walioanza metfomini na walioanza sulfonilurea, jamii nyingine ya dawa za kisukari. Kwa waliokuwa wakitibiwa upungufu wa homoni ya tezi, uwezekano wa TSH kushuka chini ya kawaida ulikuwa mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 55, na ulikuwa juu kabisa kati ya siku ya 90 na ya 180 tangu kuanza dawa. Wewe umekipita kipindi hicho kidogo tu, uko kwenye mwezi wa saba. Wale ambao tezi zao zilikuwa nzima hawakuonyesha badiliko hilo. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba metfomini hufika kwenye ubongo na kuifanya pituitari iitikie homoni iliyopo kwa nguvu zaidi, kana kwamba imeongezeka.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kufika 0.18. Ingekuwa peke yake, jibu langu lingekuwa fupi. Lakini wewe umepungua kilo 7, na hapo ndipo daktari wako anapata hoja. Mtu asiye na tezi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 za levothairoksini kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 71 hesabu inatoa 114; kwa kilo 64 inatoa 102. Yaani mahitaji yako huenda yameshuka kwa mikrogramu 11 hivi, wakati dozi imebaki pale pale. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu kinachotumia homoni zaidi ni misuli kuliko mafuta, na hatujui kilo zako 7 zimetoka wapi. Ukiwa na TSH ya 2.1 kwa dozi ya 100 na kilo 71, ina maana mwili wako ulikuwa unaridhika na dozi ndogo kuliko ya kwenye hesabu. Kwa hiyo kuzidi kidogo sasa hivi kunawezekana kabisa.

FT4 ndiyo ingetutenganishia mambo haya mawili. Ikiwa TSH imeshuka kwa sababu ya metfomini tu, FT4 hubaki palepale ilipokuwa. Ikiwa dozi imezidi, FT4 hupanda kuelekea ukingo wa juu. Yako ni 19.4, inaelekea juu, lakini ulikwenda maabara ukiwa umeshameza kidonge, na hilo limeiharibia thamani. FT4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza levothairoksini, kwa baadhi ya watu hadi asilimia 20, kisha hurudi. 19.4 yako ya saa nne asubuhi huenda ilikuwa 16 au 17 alfajiri. TSH yenyewe haiyumbishwi na kidonge cha siku moja, kwa kuwa inafuata mwenendo wa wiki kadhaa, lakini tukikosa FT4 ya kuaminika tunabaki kubahatisha.

Namna ya kurudia kipimo

Rudia wiki 6 hadi 8 baada ya kile cha juzi, bila kubadilisha dozi yoyote katikati. Sababu ya wiki hizo ni kwamba nusu ya levothairoksini huondoka mwilini kwa takriban siku 7, hivyo huchukua wiki tano hivi kiwango kutulia, na pituitari nayo ina uzito wa kuitikia. Kipimo cha wiki mbili baada ya kubadilisha dozi ni hela iliyotupwa.

Nenda asubuhi, kabla ya saa tatu ukiweza, kwa sababu TSH hupanda usiku na kuteremka mchana. Ukilinganisha ya asubuhi na ya alasiri unalinganisha vitu viwili. Kidonge cha siku hiyo kibebe mkononi, ukimeze baada ya damu kutolewa. Tumia maabara ile ile. Omba TSH na FT4 kwa pamoja, na kama mfuko unaruhusu ongeza FT3. Angalia na vizio: maabara nyingine hutoa FT4 kwa ng/dL badala ya pmol/L, na mtu akiona 1.5 mahali palipokuwa na 19 anapata mshtuko. Zidisha kwa 12.9 utaona ni kitu kile kile.

Halafu kuna vidonge vya nywele na kucha. Kama unavitumia, au kuna "vitamini za mishipa ya fahamu" ulizopewa kwa ajili ya nyayo, soma lebo utafute biotini. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 30. Vidonge vya urembo hubeba 5,000 hata 10,000. Biotini haidhuru tezi, inadanganya mashine: kwenye mashine nyingi za maabara inaifanya TSH isomeke chini na FT4 isomeke juu kuliko ukweli, yaani picha kamili ya homoni iliyozidi kwa mtu asiye na shida yoyote. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017. Acha siku 3 kamili kabla ya kipimo.

Wakati unasubiri, hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, sekunde 60 kamili, uandike kwenye daftari la kliniki. Mapigo yanayozidi 90 siku baada ya siku ukiwa umelala, yanayokwenda bila mpangilio, mikono kutetemeka, jasho bila joto au usingizi kupotea ni mambo ya kumrudisha daktari haraka, bila kungoja wiki 6. Maumivu ya kifua au kuzirai ni ya siku hiyo hiyo.

Majibu yakirudi

TSH ikiwa kati ya 0.1 na 0.4, FT4 ikiwa katikati ya kiwango, na mapigo yametulia: ningebaki na 100, nikapima tena baada ya miezi 3. Hapo tunaamini ni metfomini, na kupunguza dozi kungekuwa kutibu karatasi.

TSH ikiwa chini ya 0.1, au FT4 imekaa karibu na 22 hata kabla ya kidonge, au dalili zipo: dozi ishuke. Ila si lazima ishuke kwa 25 kwa mkupuo. Ukimeza 100 leo na 75 kesho, kwa zamu, wastani ni 87.5, na kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda mrefu mwili hautambui tofauti ya siku hadi siku. Hii ni njia nzuri kuliko kukata kidonge kidogo kwa wembe kikavunjika vipande visivyolingana. Sababu ya kutoiacha TSH chini ya 0.1 kwa muda mrefu ni moyo na mifupa: homoni iliyozidi kweli huongeza hatari ya mapigo ya moyo kuvurugika, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hudhoofisha mifupa.

TSH chini na FT4 nayo chini: hii ni habari tofauti kabisa. Nyapara amenyamaza na kazi haiendi. Usimwachie mtu aisingizie metfomini. Hapo pituitari yenyewe inatakiwa ichunguzwe.

Kabla ya yote hayo, lakini, tafuta karatasi moja: majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara baada ya upasuaji wa 2017. Kama rovu lilikuwa la kawaida, yote niliyoandika yanasimama. Kama ilikutwa saratani ya aina ya papilari au folikula, huenda daktari wa wakati ule alikusudia TSH yako ikae chini ili isichochee masalia ya saratani, na kuipandisha bila kujua historia hiyo ni kosa. Wagonjwa wengi huondoka wodini na mshono bila karatasi hii. Rudi hospitali ulikopasuliwa, idara ya kumbukumbu, ukaiombe kwa namba yako ya faili.

Hatari nyingine inayosahaulika iko mbele. Tuseme dozi inapunguzwa leo kwa sababu metfomini imeishusha TSH, kisha mwakani metfomini inasimamishwa kwa sababu ya figo au inabadilishwa na dawa nyingine. Nyapara anarudia sauti yake ya zamani, na wewe unabaki na dozi isiyotosha: uzito, baridi, choo kigumu, lehemu juu. Kwa hiyo andika kwenye daftari lako kwamba kila metfomini inapoanzishwa, inapopandishwa au inaposimamishwa, TSH ipimwe baada ya wiki 6 hadi 8, na tena kwenye mwezi wa 6.

Kuna mtego wa figo pia, unaowahusu zaidi wenzako ambao upungufu wao haujatibiwa. Homoni ya tezi ikipungua, kreatinini, taka ya damu inayotumika kupima figo, hupanda na figo huonekana mbovu kuliko zilivyo. Metfomini husimamishwa kipimo cha uchujaji wa figo (eGFR) kikiwa chini ya 30, na haianzishwi kati ya 30 na 45 bila tahadhari. Mtu anaweza kunyimwa dawa nzuri kwa kosa la tezi. Tibu tezi kwanza, upime figo tena.

Kumeza kwenyewe

Metfomini na levothairoksini hazigombani tumboni. Levothairoksini imezwe alfajiri kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kitu kingine chochote. Metfomini imezwe na chakula, katikati ya mlo, ili isichafue tumbo. Kinachogombana na levothairoksini ni vitu vingine vya asubuhi: kahawa, chai ya maziwa, soya, na maji ya uwatu ambayo watu wa kisukari wengi huamka nayo. Uwatu una nyuzinyuzi nyingi zenye utelezi, na nyuzinyuzi hupunguza kiasi cha dawa kinachofyonzwa. Sisemi uache, kunywa saa kadhaa baadaye, na utumie kiasi kile kile kila siku, kwa maana kinachotuvuruga zaidi ni leo kunywa kesho kuacha. Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu viachane na levothairoksini kwa saa 4.

Hifadhi nayo. Kidonge hiki hakipendi joto, mwanga wala unyevu. Kisizidi nyuzi 25. Kwa joto la Morogoro kabati la chumba cha kulala ndilo mahali pake, si dirishani jikoni wala juu ya friji panapotoka hewa ya moto. Kibaki kwenye pakiti yake hadi dakika ya kumeza. Na kama umebadilishiwa kampuni ndani ya miezi hii 7, mwambie daktari, kwani vidonge vya mikrogramu 100 vya viwanda viwili si lazima vilingane sawasawa mwilini.

Uchovu na nyayo

Metfomini huzuia vitamini B12 isifyonzwe, na upungufu wake huleta uchovu, ganzi na nyayo kuwaka. Ila ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo miezi 7 ni muda mfupi mno kuimaliza, isipokuwa kama ulikuwa na upungufu tangu mwanzo au umetumia omeprazoli muda mrefu. Kwako ningeishuku zaidi sukari yenyewe: kisukari aina ya pili hukaa kimya miaka kabla ya kugunduliwa, na mishipa ya fahamu ya miguu huanza kuumia humo. Pima B12 mara moja sasa, ikuwekee alama ya kuanzia, kisha kila mwaka. Pima na wingi wa damu. Uchovu wa upungufu wa homoni ya tezi hauendani na TSH ya 0.18.

Kuna na upande wa pili wa mto, ambao mara nyingi ni mzito kuliko huu ulioniuliza: tezi huibadilisha sukari kuliko dawa za sukari zinavyoibadilisha tezi. Homoni ikizidi, ini hutoa glukosi kwa wingi na insulini huondolewa haraka, sukari inapanda bila mgonjwa kukosea chakula. Ikipungua, insulini hukaa muda mrefu, na anayetumia insulini au glibenklamidi hushuka sukari ghafla. Kwa metfomini peke yake hatari hiyo ni ndogo, kwa hiyo wewe lala usingizi. Lakini mwenye homoni iliyozidi anayeanzishiwa karbimazoli awe macho: kadiri tezi inavyotulia, dozi ileile ya insulini inageuka kuwa kubwa mno. Na akiwa anameza propranololi ya kutuliza moyo, moyo kwenda mbio na kutetemeka, zile kengele za sukari kushuka, hazitalia. Jasho ndilo linalobaki. Akitokwa jasho jembamba la ghafla apime; ikiwa chini ya 3.9 anywe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15.

HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, nayo hupinda. Upungufu wa homoni ya tezi huifanya chembe nyekundu ikae muda mrefu, HbA1c ikasomeka juu kuliko sukari halisi. Mwenye selimundu hupata kinyume chake. Ikiwa karatasi na mashine yako ya nyumbani havielewani, amini mashine kwanza.

Dawa nyingine za kisukari, kwa ufupi

Glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi ni za jamii ya sulfonilurea, na jamii hii ina undugu wa zamani na dawa za tezi. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani waliona panya waliolishwa dawa moja ya salfa wakiota rovu. Mwaka uliofuata, Montpellier huko Ufaransa, daktari Marcel Janbon akaona wagonjwa wa taifodi waliopewa salfa nyingine wakishuka sukari. Dawa za awali za kundi hili, kama karbutamidi, zilikuwa na uwezo wa kuizuia tezi isishike madini joto. Za leo, kwa dozi za kawaida, haziigusi kwa kiwango cha kumshughulisha mtu. Sitagliptini na jamii ya dapagliflozini hazina la kusema kuhusu tezi.

Pioglitazoni ndiyo ya kuogopwa na kundi moja: wenye ugonjwa wa Graves, ule wa tezi kuzidisha homoni, ambao macho yao yametokeza. Dawa hii huchochea seli za mafuta kukua, na nyuma ya jicho hakuna nafasi ya mafuta kukua. Pia huvimbisha miguu, uvimbe ambao unaweza kudhaniwa ni wa tezi.

Nimeulizwa mara kwa mara pia kuhusu jeli ya mwani wa Zanzibar inayouzwa kwa wenye kisukari. Mwani una madini joto kwa kiasi kinachotofautiana sana. Kwako haina tezi ya kuichokoza. Kwa mwenye rovu la vinundu inaweza kuamsha homoni zikafurika, na moyo ukafuata.

Semaglutidi ya Muscat

Hofu ya saratani ilitoka kwa panya. Panya waliopewa dawa za kundi hili walipata uvimbe kwenye seli C za tezi, ndiyo maana Marekani huziwekea onyo zito kwenye pakiti: asitumie mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amepata saratani ya medula ya tezi, au mwenye ugonjwa wa kurithi wa MEN aina ya 2. Seli C za panya zina vipokezi vingi vya dawa hii. Za binadamu zina vichache sana. Oktoba 2023 kamati ya usalama wa dawa ya Ulaya ilipitia ushahidi ikasema hauonyeshi kwamba dawa hizi zinasababisha saratani ya tezi kwa watu. Kwako kuna la ziada: seli C hukaa ndani ya thairoidi, na yako ilitolewa yote, zikaenda nayo. Linalobaki ni karatasi ile ile ya kinyama. Ikisoma "medula", semaglutidi ni marufuku kwako. Ikisoma rovu la kawaida, onyo hilo halikuzuii.

Linalokuhusu zaidi ni vidonge. Semaglutidi ipo ya sindano ya wiki, Ozempic, na ya kidonge cha kila siku, Rybelsus. Kidonge humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji yasiyozidi mililita 120, bila dawa nyingine yoyote, kisha unangoja dakika 30 angalau kabla ya kula. Levothairoksini nayo inadai alfajiri hiyo hiyo. Zikipewa pamoja, kiasi cha thairoksini kilichoingia mwilini kilipatikana kimeongezeka kwa asilimia 33, kwa kuwa dawa hii huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo. Kwa mtu ambaye TSH yake tayari ni 0.18, hilo ni kuongeza kuni. Ikibidi kidonge, semaglutidi ichukue asubuhi na levothairoksini ihamie usiku, saa 3 baada ya chakula cha mwisho, kila siku bila kuruka. Sindano haina ugomvi huu wa alfajiri, lakini itakupunguza uzito zaidi, na tumeona kilo zinavyoigeuza hesabu ya dozi. Kwa vyovyote TSH ipimwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, na tena kila unapopungua kilo 5.

Ila mwambie binti asinunue bado. Kuongeza dawa ya tatu kabla kipimo hakijarudiwa ni kuchafua maji ambayo tunajaribu kuyatuliza: TSH ikishuka tena hatutajua ni metfomini, ni kilo, au ni mgeni. Karatasi ya kinyama ikipatikana, TSH na FT4 zikirudi, na daktari wako akikubali kwamba metfomini haitoshi, ndipo. Na akija na sindano, kalamu ambazo hazijafunguliwa zikae nyuzi 2 hadi 8 safari nzima, ndani ya mfuko wa baridi kwenye begi la mkononi, zisigusane na barafu. Iliyoganda hutupwa, hata ikishayeyuka na kuonekana nzima.